Skii juu ya Kibo: nani alizibeba?

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda hadi kilele cha Kibo, na wakati wa kushuka wakatumia skii. Umesoma sawasawa. Skii ni zile mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda mbele, ambazo mtu hufunga miguuni ili ateleze juu ya theluji. Zilitumika hapa hapa kwetu, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, miaka miwili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Vitabu vya watalii wa Kilimanjaro vinaipa habari hii sentensi moja, kisha vinaendelea na bei za hoteli. Mimi sentensi hiyo imenikaa kichwani muda mrefu. Theluji ya kutosha kutelezea ilitoka wapi? Hizo mbao zilifikaje Moshi? Na nani alizipandisha? Maana, tuwe wakweli, mgeni wa Kizungu aliyekwenda Kibo enzi zile hakuanza safari na mzigo wake mgongoni.

Kwetu ni Mgori, mkoani Singida. Theluji kule ni kitu cha kwenye kitabu cha jiografia na kwenye lebo ya chupa. Baridi tunayo, ya Juni na Julai, ile ya upepo unaokausha midomo, lakini hakuna kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu isipokuwa mvua ya mawe mara moja moja. Mlima mkubwa wa upande wetu ni Hanang, mita zaidi kidogo ya 3,400, na kinachoteremka pale ni maji na, kama tulivyoona Katesh Desemba 2023, tope na magogo. Kwa hiyo msomaji kama hujawahi kuiona skii kwa macho, usijali, tuko wengi. Tuanzie hapo.

Siku hizi ukisikia watu wa Ulaya wanakwenda "safari ya skii" hadi kilele cha mlima mrefu, usifikirie wale wanaopandishwa na viti vya umeme halafu wanateremka siku nzima. Hii ni nyingine. Watu wanakodi kiongozi mwenye leseni, wanaamka saa nane au tisa usiku, wanavaa taa za kichwani na wanapanda kwa miguu yao, skii zikiwa zimefungwa kwenye viatu. Swali la haraka: mbao ya kutelezea inapandaje mlima bila kurudi nyuma? Jibu ni ngozi. Zamani chini ya skii kulibandikwa ukanda wa ngozi ya sili, manyoya yake yakilala kuelekea nyuma. Mpapase paka kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono unateleza. Mpapase kinyume, unakwama. Ndivyo ilivyo. Skii ikisukumwa mbele inateleza, ikitaka kurudi nyuma manyoya yanasimama na kushika theluji. Leo ukanda huo hutengenezwa kwa nailoni au manyoya ya mbuzi, ila jina la "ngozi" limebaki. Kileleni wanaubandua, wanaukunja, wanauweka kwenye begi na kuanza kushuka. Saa sita za kupanda, saa moja au mbili za kuteremka.

Kazi ya kiongozi katika safari hiyo ni kusoma theluji: ipi imelala vizuri na ipi itaporomoka, wapi kuna ufa umefunikwa na daraja jembamba la theluji, saa ngapi jua litalainisha mteremko kiasi cha kuwa hatari. Elbrus, mlima wa Urusi wenye mita 5,642 na mrefu kuliko yote Ulaya, ni mmojawapo wa milima maarufu kwa safari hizo. Kibo ina mita 5,895. Yaani tunauzidi Elbrus kwa mita 253, lakini Elbrus umevaa barafu kila upande, na sisi tunahesabu vipande. Nitarudi kwenye hilo.

Skii ni za kale sana katika nchi za kaskazini, ila kuingia kwake katika milima ya Alps ni jambo la juzi tu. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen wa Norwei alivuka Greenland kwa skii, na kitabu chake kiliposomwa Ujerumani na Austria vijana wakapagawa. Mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Paulcke na wenzake walivuka milima ya Bern, Uswisi, kwa skii. Linganisha tarehe. Nansen alivuka Greenland mwaka 1888. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Mambo mawili haya yalitoka kwenye kizazi kimoja cha wanaume wa Ulaya, wenye fedha na muda, waliosoma majarida yale yale. Kizazi kilichofuata, ambacho Furtwängler na König walikuwa sehemu yake, kikayaunganisha: mlima wa Meyer, mbao za Nansen. Kwa taarifa tu, Walter Furtwängler alitoka katika familia ya wasomi wa Munich. Baba yake, Adolf, alikuwa bingwa wa mambo ya kale ya Ugiriki, na kaka yake Wilhelm baadaye akawa mwongoza okestra maarufu sana duniani.

Swali la mbao kufika Moshi ndilo jepesi, na jibu lake ni reli. Meyer mwaka 1889 alitembea kutoka pwani na msafara wa wapagazi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alijaribu akaishia mikononi mwa watu wa Abushiri, waliokuwa wamewaasi Wajerumani pwani; akafungwa minyororo yeye na mwenzake Oscar Baumann, na wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Miaka 20 na ushee baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Maana yake, mwaka 1912 mtu aliweza kushuka meli Tanga na mbao zake ndefu, akapanda treni, na kushukia chini ya mlima. Angalia orodha ya waliofika kileleni uone reli ilivyofanya kazi. Baada ya Meyer na Purtscheller ilipita miaka 20 nzima mpaka walipofika wa pili, Lange na Weigele, mwaka 1909. Halafu mwaka 1912 peke yake makundi mawili yakafika: Eduard Oehler na Fritz Klute, ambao mwaka huo huo walikuwa wa kwanza kupanda Mawenzi, na kisha Furtwängler na König.

Reli haikujengwa kwa ajili ya wapanda milima, bila shaka. Ilijengwa kwa ajili ya mashamba, mkonge na kahawa. Na kabla ya reli ilipita bunduki. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Wachaga na Wameru. Kutoka kitanzi kile hadi skii kileleni ni miaka 12. Mtu mzima aliyezibeba skii hizo, au aliyewauzia wageni ndizi njiani, aliukumbuka mti ule. Sisemi hivyo ili kuharibu hadithi ya michezo. Nasema kwa sababu shuleni Ujerumani watoto walifundishwa kwamba mlima mrefu kuliko yote nchini mwao ni kilele cha Kaiser Wilhelm, na kilele hicho kilikuwa hapa. Kuteleza pale ilikuwa michezo, ndiyo, lakini michezo ya mtu aliye kwake.

Sasa theluji. Je, Kibo inatelezeka kweli?

Mwaka 1912, kwa kiasi fulani, ndiyo. Tunajua vizuri barafu ya mwaka huo ilivyokuwa kwa sababu Klute aliipima kwa picha, na ramani iliyotokana na picha hizo ndiyo wanasayansi wanaianzia mpaka leo: takriban kilometa za mraba 12 za barafu. Barafu ilishuka pande za kusini na magharibi kama ndimi. Hiyo inaitwa mito ya barafu, yaani barafu ya miaka mingi iliyoshindiliwa na uzito wake yenyewe na inayosogea polepole sana. Theluji mpya ikiianguka juu yake, unapata sakafu ya kutelezea.

Lakini hata wakati ule Kibo haikuwa kama Alps, na tofauti yake ni ya kuvutia. Ulaya kuna majira ya baridi: miezi kadhaa theluji inaanguka na inabaki, tabaka juu ya tabaka. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi. Kuna usiku. Kila usiku kileleni kunaganda, na kila mchana jua la utosini linapiga. Theluji yetu haiji na baridi, inaji na mvua, masika na vuli. Ikianguka juu ya majivu meusi ya volkano, ambayo yameshiba joto la jua, haikai. Siku chache imekwisha. Ikianguka juu ya barafu ya zamani inadumu zaidi, kwa kuwa cheupe hurudisha mwanga. Kwa hiyo Kibo theluji inahitaji barafu iliyo chini yake ili ikae, na barafu inahitaji theluji juu yake ili isipigwe na jua. Kila kimoja kinamlinda mwenzake, na kimoja kikipungua cha pili nacho kinaanza kuondoka.

Zaidi ya hapo, barafu ya Kibo mara nyingi haiyeyuki, inatoweka. Juu kule hewa ni kavu mno na kanieneo ni kama nusu ya ile ya pwani. Katika hali hiyo barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kwenye maji. Unavijua vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu? Vinapungua kila wiki na hakuna mahali palipolowa. Ni hivyo hivyo. Ndiyo maana kingo za barafu pale juu zimekuwa kuta zilizosimama wima kama zimekatwa kwa msumeno, nyingine zikipita urefu wa ghorofa kadhaa. Georg Kaser na wenzake wa chuo kikuu cha Innsbruck walieleza kwamba ukavu ulioanza Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ndio ulioanzisha kupungua huku, yaani barafu ilikwisha kuanza kukonda kabla Meyer hajaigusa. Halafu ongezeko la joto la dunia limekuja juu ya hapo. Wataalamu wanabishana kuhusu kila sababu ina uzito gani, ila juu ya vipimo vyenyewe hawabishani.

Wale waliotaka kuteleza kwenye kilele kirefu cha kila bara, Kit DesLauriers wa Marekani na Davo Karničar wa Slovenia, ambao wote wawili walimaliza mwaka 2006, walilazimika kuiweka Kibo kwenye hesabu. Kati ya vilele saba vyao hiki kina tatizo la kipekee: Everest shida ni hewa na miteremko ya kifo, hapa shida ni kupata theluji.

Turudi kwa wabebaji. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Kuongozwa kwenda kwenye theluji ya Kilimanjaro ni jambo la zamani kuliko skii, na lina msamiati wake kwa Kiswahili. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kwenda Uchagani na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, aliona kitu cheupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akauliza. Kiongozi wake akamjibu kwamba ile ni baridi. Basi. Rebmann akaelewa ni theluji. Habari ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikataa kwa miaka mingi akisema haiwezekani. Napenda sana jibu lile la "baridi". Watu wengi wamelisimulia kama ishara kwamba mwenyeji hakujua theluji. Mimi naliona kinyume. Mtu asiyekuwa na jina la kitu alikitaja kwa tabia yake iliyo muhimu kwa msafiri. Na hata maneno tunayotumia leo yamesafiri: theluji ni ya Kiarabu, barafu inatokana na Kiajemi, ambako neno hilo lina maana ya theluji. Watu wa pwani waliyapokea kwa wafanyabiashara.

Wachaga wenyewe walikuwa na utafiti wao kabla ya Rebmann. Alisimuliwa kwamba Mangi Rungua wa Machame aliwahi kutuma kikosi kwenda kuchunguza kile kitu cheupe, na akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa. Ukisoma leo unaelewa: baridi kali huua nyama ya vidole. Ile ilikuwa safari ya kisayansi. Ilikuwa na mfadhili, swali, vipimo (kwa mwili wa binadamu, bahati mbaya) na ripoti. Haikuandikwa tu na wenyewe.

Mwaka 1871 Charles New, mmisionari Mwingereza, alifika mpaka penye theluji, na mwenzake waliyefika naye juu wakati wapagazi wengine wameshindwa aliitwa Tofiki. Mwaka 1889 Meyer alifaulu pale aliposhindwa mwaka 1887, na kwa maoni yangu siri haikuwa ushujaa. Ilikuwa chakula. Mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu akakosa vifaa na nguvu. Mwaka 1889 aliweka kambi juu ya mita 4,000, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu, kwa Mangi Marealle, kumletea chakula kila baada ya siku chache. Kambini alibaki na mtu mmoja wa kumpikia na kulinda mahema, Mwini Amani wa Pangani. Kwa hiyo alipofika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba akiwa amechoka, aliweza kushuka, kula, kulala na kurudi tena baada ya siku tatu. Bila Mwini Amani na wale wa Marangu, tarehe 3 ndiyo ingekuwa mwisho wa hadithi.

Halafu kuna Yohani Kinyala Lauwo. Simulizi ya Marangu inasema alikuwa kijana alipochaguliwa kuwaongoza Meyer na Purtscheller, na kwamba naye alipanda. Mwaka 1989, kwenye sherehe za miaka 100, alitambuliwa kitaifa, akiwa mzee sana. Alifariki mwaka 1996. Meyer kwa upande wake aliandika kwamba kileleni walifika wawili tu, yeye na Purtscheller. Mitandaoni watu wanapigana vikali juu ya jambo hili kana kwamba ni mechi ya Simba na Yanga. Mimi kama mwanafunzi wa historia sioni kwa nini tuipime kazi ya kiongozi kwa mita za mwisho peke yake. Njia ya kupita msituni, mahali pa maji, mahali pa kulala pasipo na upepo: hayo yote yalijulikana na watu wa Marangu kabla mgeni hajafungua dira yake. Hilo Meyer mwenyewe hakulipinga.

Alps hali ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo haina uhusiano na nani alipanda vizuri zaidi. Mont Blanc ulipandwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1786 na daktari Michel-Gabriel Paccard pamoja na Jacques Balmat, mwenyeji wa Chamonix aliyeishi kwa kutafuta vito vya mwambani. Mwaka 1821 viongozi wa Chamonix walianzisha chama chao, ambacho kipo mpaka leo. Na mwaka 1887, miaka miwili tu kabla ya Meyer kufika Kibo, Balmat alijengewa sanamu katikati ya mji, akinyoosha kidole kumwonyesha msomi de Saussure kilele. Daktari Paccard ndiye aliyesahaulika, alisubiri sanamu yake mpaka 1986! Kumbe inawezekana kabisa mwongozaji akakumbukwa na msomi akasahauliwa. Inategemea nani ana chama, nani ana mji, nani ana gazeti.

Kwa Furtwängler na König tuna majina mawili kwenye orodha, na jina moja kwenye barafu. Kipande cha barafu kilichomo ndani ya kreta, ambacho wapandaji wanaopitia upande wa magharibi hukiona karibu sana, kinaitwa Furtwängler. Ukiangalia ramani ya barafu nyingine za Kibo utadhani umefungua daftari la mahudhurio la chuo kikuu cha Ujerumani: Ratzel, Penck, Drygalski, Credner, Uhlig. Heim yeye ni Mswisi. Wengi wao walikuwa maprofesa wa jiografia na jiolojia, na kuna ambao hawakuiona Kibo kabisa. Hakuna barafu ya Sabaya. Hakuna ya Mwini Amani. Tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera na kilele cha Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru. Mito ya barafu haikuguswa.

Labda jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu ya nilikotoka. Msitu wa Mgori, miombo ya zaidi ya hekta 40,000, ulikuwa katika mpango wa kuwa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Badala yake, katikati ya miaka hiyo usimamizi ukabaki kwa vijiji vitano vinavyouzunguka, kila kijiji na mpaka wake, sheria zake ndogo na walinzi wake. Ukitembea na wazee wa kwetu, kila kilima na kila korongo lina jina, na mpaka unaelezwa kwa majina hayo. Jina la mahali ni maelekezo. Linakwambia kuna nini pale, au palitokea nini. Ratzel hakuambii chochote kuhusu njia.

Na huo mto wa Ratzel ni mfano mzuri. Pale ndipo Purtscheller na Meyer walipochonga ngazi kwenye barafu mwaka 1889, hatua moja kwa mapigo mengi ya shoka, saa baada ya saa. Wanaopanda leo kwa njia ya Marangu kuelekea Gillman's Point wanakwenda kwenye changarawe, hatua mbili mbele, moja nyuma. Hakuna barafu ya kuchonga.

Kilometa za mraba 12 za mwaka 1912 zilikuwa zimebaki takriban 2.6 mwaka 2000, Lonnie Thompson na kikosi chake kutoka chuo kikuu cha jimbo la Ohio walipotoboa barafu na kuchukua nguzo sita za sampuli. Tabaka za chini kabisa walizikadiria kuwa na miaka zaidi ya 11,000. Miaka kumi na kidogo baada ya hapo eneo lote lilikuwa chini ya kilometa za mraba 2. Kipande cha Furtwängler kilikuwa na takriban mita za mraba 113,000 mwaka 1976 na karibu nusu yake mwaka 2000. Thompson alipokitoboa alikikuta kimeloa maji ndani. Kati ya 2000 na 2009 unene wake ulipungua kwa takriban nusu, shimo likatokea katikati, na kikagawanyika. Mwaka 2022 UNESCO iliitaja Kilimanjaro miongoni mwa maeneo ya urithi wa dunia yatakayokosa barafu ifikapo mwaka 2050.

Je, barafu ikiisha maji ya Moshi yataisha? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu linashangaza wengi: sehemu kubwa ya maji ya mlima inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu. Kukata msitu kutawakausha watu wa Moshi haraka kuliko barafu kutoweka. Barafu tunaipoteza kwa sababu nyingine: kumbukumbu ya hali ya hewa iliyomo ndani yake, na sura ya mlima.

Kazi ya kuongoza, tofauti na barafu, imekua. Kwa sheria za hifadhi hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na nyuma ya kila mgeni kuna wapagazi wawili, watatu au zaidi. Wenyewe siku hizi wanajiita mapota. Wana vyama, na tangu 2003 kuna mradi wa kutetea malipo na vifaa vyao. Pale geti la Marangu, karibu na kumbukumbu ya Meyer, kuna bamba lenye majina ya Wachaga waliokuwa kwenye safari ile, Lauwo akiwemo. Na kuna mzani. Mzigo wa pota haupaswi kuzidi kilo 20. Leo mtu akifika getini na jozi ya skii na viatu vyake, vitawekwa kwenye mzani ule pamoja na hema, sufuria na unga, na atakayevibeba ataandikishwa jina kabla ya kuanza kupanda.